Mashuka Mawili ya Mto Jukskei

MaKhumalo alizikwa Jumamosi, na kila aliyesimama kumzungumzia alisema alikuwa mtu wa upole. Nilikaa safu ya tatu kutoka mbele, karibu na binti yake Nomsa aliyenipigia simu ya msiba, nikausikiliza huo upole ukirudiwa kwa Kizulu, kwa Kisotho na kwa Kiingereza, hadi nikaanza kujiuliza kama tumekuja kwenye mazishi ya mtu mwingine. Nomsa aliniegemea akaninong'oneza, "Wanamsema nani hawa?" Tukainamisha vichwa ili watu wadhani tunalia. Huyo MaKhumalo mpole mimi simjui. Ninayemjua alinitukana siku ya kwanza aliyoniona, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amesimama nami mbele ya kaunta ya ofisi, mwanamke mwenye miaka zaidi ya sabini, ameshika shuka linalonuka mavi na amekataa kuondoka. Msibani hawakulitaja jambo hilo, nadhani kwa heshima. Mimi nalitaja kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka wenyewe ni 2017, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Sitaanza na kwetu Bukavu. Mkongo akishika kalamu watu humtaka aanze na vita, nami nimeombwa vita mara nyingi mno, ofisini, kanisani, hata kwenye foleni ya benki. Naanza na chumba. Kilikuwa Bertrams, upande wa mashariki wa Johannesburg, katika nyumba ambayo zamani ilikuwa ya familia moja tu. Dari lake lilikuwa la bati lililochorwa maua, na mwenye nyumba alikuwa ameikata sebule vipande vinne kwa mbao nyembamba. Mimi nilipata kipande chenye meko ya zamani ya kuotea moto. Bomba lake la moshi lilikuwa limezibwa, kwa hiyo nilipanga sufuria zangu humo ndani. Mbao zile hazikuficha kitu. Mtu akipiga chafya chumba cha nne, sisi wa chumba cha kwanza tulimwombea afya. Upande wangu wa kulia waliishi Mama Neema na mumewe, watu wa Uvira. Mume alikuwa mlinzi kwenye jengo moja Hillbrow, na mtoto wao Neema alikuwa na miaka minne. Upande wa kushoto walikaa Watanzania wawili waliokuwa wakirekebisha simu. Jioni moja niliwasikia hao wawili wakibishana na Baba Neema kama ni sahihi kusema "watu" au "bantu", na Neema, ambaye Kiswahili alikisikia tu ila hakutaka kukisema, akawajibu wote kwa Kizulu kwamba kelele zao zinamzuia kusikia televisheni. Tulikula pamoja siku nyingi: sombe ya Mama Neema, yaani kisamvu, dagaa wa Watanzania, na unga mweupe wa dukani ambao sisi tuliuita fufu, wao wakauita ugali, na Neema akauita pap.

Kazi yangu ilikuwa kufua mablanketi. Katika maghorofa ya Hillbrow blanketi zito la majira ya baridi halina pa kuanikwa, na wenye mashine za kufulia hawataki manyoya yake. Mimi nilikuwa na uwanja nyuma ya nyumba, kamba tatu, na beseni kubwa la chuma la kuogea ambalo mtu fulani wa zamani aliliacha chini ya bomba. Nilikuwa naingia ndani ya beseni kwa miguu, naukanyaga uchafu hadi unatoka, namwaga, najaza tena. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo na nilijua. Halafu, mwezi wa sita, baridi ikiwa kali na kazi imeshika kasi, bomba likakauka. Mwenye nyumba alikuwa na ugomvi wake na watu wa maji, nao wakayakata maji bila kutuuliza sisi tuliokuwa tunaoga. Nilikuwa na mablanketi tisa ya watu mkononi. Nyuma ya uwanja wetu kulikuwa na ukuta wenye tundu, na nyuma ya ukuta kulikuwa na mto.

Wengi wanaoishi Johannesburg watakuambia mji huu hauna mto. Walikuja kwa ajili ya dhahabu, na dhahabu haikuhitaji mto wa kupitishia meli. Lakini Jukskei unazaliwa humu humu mjini, kwenye chemchemi zilizofukiwa chini ya barabara, na mahali pa kwanza unapoona jua ni karibu na pale tulipokuwa tunaishi. Unatokea kwenye tundu la zege, unapita katika mfereji wa zege wenye kimo cha mtu, kina chake wakati wa kiangazi hakifiki goti. Hatua kama mia chini ya nyumba yetu zege lilikuwa limepasuka, na maji yalikuwa yamechimba kidimbwi chenye mchanga safi na matete pembeni. Hapo ndipo nilipopeleka blanketi la kwanza. Nilikuwa nimeshalikanyaga vya kutosha niliposikia sauti kutoka juu ya ukuta wa ng'ambo.

"Wewe msichana. Mwenye blanketi hilo anajua unalifulia wapi?"

Nilitazama juu nikaona kichwa kilichofungwa kitambaa cha bluu na mikono miwili imeshika ukingo wa ukuta. Nilimjibu kwa Kizulu changu cha sokoni kwamba bomba letu limekatwa.

"Sikukuuliza kuhusu bomba. Nimekuuliza kama mwenye blanketi anajua. Panya wanakojoa humo. Watu wa gereji wanamwaga oili humo. Na unalisugua vibaya, unalivunja manyoya. Nani alikufundisha?"

Niliyabeza mengine yote, lile la mwisho likaniuma. Nikamwambia hakuna mtu Bertrams nzima anayefua blanketi kunishinda. Akanitazama jinsi mtu anavyotazama nyanya kabla ya kuinunua. Kisha akasema, "Lete huku. Bomba langu linatoa maji."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwa MaKhumalo. Alikuwa mjane, anaishi peke yake katika nyumba ndogo ya vyumba viwili na kibanda cha nyuma. Alikuwa amestaafu kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako kwa zaidi ya miaka thelathini alitia mashuka kwenye mashine na kuyatoa. Jina langu, Nsimire, lilimshinda akanikata kuwa Simi. Mimi nilimwita Gogo, kama wanavyomwita bibi. Siku ya kwanza hakunisifu. Alinikalisha jikoni, akanipa chai yenye maziwa mazito ya kopo na kipande cha mkate kilichopakwa achari ya embe, akaniuliza nilisoma hadi wapi, nina mume au sina, na kwa nini watu wetu wanapenda kuongea kwa simu kwa sauti kubwa. Nilijibu mawili ya kwanza. La tatu bado natafuta jibu.

Jiko lile nalikumbuka kuliko chumba changu mwenyewe. Lilikuwa na meza yenye kitambaa cha plastiki kilichounguzwa na pasi, redio isiyozimwa, na dirisha lililotazama mferejini. Hapo ndipo aliponieleza, kwa vipande vipande, akichambua maharage, kwamba babu yake alifua katika vijito vya mji huu. Wakati machimbo yalipoanza, wachimbaji walikuwa maelfu na nguo zao zilikuwa matope matupu, na wanaume wa Kizulu walijipanga kando ya maji wakawa madobi. Walijifunga vilemba vyeupe kichwani, walikuwa na wakubwa wao na taratibu zao, na hakuna mwanamume wala mwanamke aliyethubutu kukanyaga jiwe la mwenzake la kufulia. Kisha wenye mji wakasema maji yao ni machafu, yanaleta magonjwa, wakawahamisha mbali hadi biashara ikafa. "Matajiri wenye mashine walikuwa wanangoja," MaKhumalo alisema. "Kwanza wanakuambia wewe mchafu. Baadaye unaona nani amekaa mahali pako." Baba yake yeye alikuwa miongoni mwa vibarua waliomwaga zege kwenye mto wenyewe, mahali pale pale chini ya dirisha, ili mvua kubwa zisibebe nyumba za wazungu. "Babu aliishi kwa mto. Baba akaufunga. Mimi nimefua maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza maji yangu yanakwenda wapi." Alisema hivyo bila huzuni, akiendelea na maharage yake. Mimi ndiye niliyeacha kuchambua.

Mtu mwingine aliyenifungua macho alikuwa Bwana Wafula, Mkenya aliyekuwa anafundisha mambo ya maji chuo kikuu. Alikuja mferejini kwetu na wanafunzi watano na fimbo za kupimia, akanisikia nikimtukana mbwa kwa Kiswahili, akacheka. Baada ya hapo kila alipokuja alipitia kwa MaKhumalo kunywa chai. Alikuwa mwembamba, mwangalifu, mtu wa kuvua viatu mlangoni hata akikatazwa. Alituonyesha kwenye kompyuta yake ramani ya zamani.

"Hapa mnaona hakuna zege," alisema. "Ilikuwa matete tu na majani. Na hata kabla ya hii ramani, kwenye hivi vilima kuna misingi ya mawe ya watu waliofuga ng'ombe. Hao ng'ombe walikunywa wapi, si ni hapa? Halafu wakaja Makaburu, wakachimba mifereji ya kupeleka maji kwa mashamba. Hata hilo jina Jukskei ni kale kamti ka nira, kanakokaa kando ya shingo ya ng'ombe. Halafu dhahabu. Halafu zege. Huu mto umefanyiwa kazi na kila mtu."

"Na kila mtu aliyekuja alisema aliyetangulia aliutumia vibaya," MaKhumalo alisema.

Bwana Wafula alitafuta kalamu mfukoni. "Hiyo ningeiandika," alisema.

Mwezi wa nane maji yalibadilika rangi. Mwanzoni ilikuwa harufu tu, asubuhi, nasi tukamlaumu mwenye nguruwe ambaye hakuwapo. Baadaye yakaja ya kijivu, na vipande vya karatasi, na vitu ambavyo sina haja ya kuvitaja. Mimi wakati huo nilikuwa nafua kwa MaKhumalo, sikuwa nayagusa. Lakini watoto walikuwa wamezoea kidimbwi. Asubuhi moja Mama Neema aligonga mbao kati yetu.

"Dada, mutoto anatapika tangu usiku. Na anaharisha maji maji. Njoo umuangalie, naogopa."

Tulimfunga Neema kwenye kitenge tukampeleka hospitali. Alilazwa siku sita. Midomo yake ilipasuka na macho yakaingia ndani, na siku ya pili hakumtambua baba yake. Nilikaa zamu na Mama Neema kwenye benchi la nje, tukila mkate mkavu, tukisikiliza wauguzi wakiulizana kwa nini watoto watatu wa mtaa mmoja wameletwa juma moja. Alipona. Naandika upesi kwamba alipona kwa sababu leo ni msichana mrefu anayenisahihisha Kiingereza changu. Lakini zile siku sita zilinigeuza. Nilikuwa mtu wa kupita pembeni mwa mambo. Nilirudi Bertrams siku ya saba na sikuwa huyo tena.

Tulipiga simu kwa watu wa maji kuripoti uchafu. Sauti ikatupa namba ya ripoti. Tukapiga tena, tukapewa nyingine. MaKhumalo aliziandika kwa penseli nyuma ya kalenda, zikafika sita. Baada ya juma la tatu magari mawili yalikuja, sisi wanawake tukatoka kushangilia. Vijana walioshuka hawakuja na mabomba. Walishusha nguzo na wavu, wakazungushia kidimbwi uzio, wakaweka lango lenye kufuli na ubao: marufuku kuoga, kufua na kubatiza. Maji ya kijivu yakaendelea kupita chini ya uzio, kwa kuwa hayajui kusoma.

Kubatiza kuliwekwa kwa ajili yetu. Kanisa letu dogo lilikuwa linatumia kidimbwi hicho, chini ya Mchungaji Byamungu, fundi cherehani kutoka Bukavu, mtu mwema ninayempenda hadi leo. Siku hiyo nilimwendea dukani kwake nikamwambia twende wote ofisi ya watu wa maji. Alikuwa anapima suti ya bwana harusi, pini zikiwa mdomoni, akazitoa moja moja kabla ya kunijibu.

"Dada Nsimire, siye tuko bageni huku. Mugeni hagombane na mwenye nyumba."

"Papa Pasta, na mutoto wa Mama Neema angekufa?"

"Tungemuzika na kumuombea."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyokuwa amebaki hai katika nchi tatu. Lakini nilitoka dukani kwake bila kuaga, na najua kwamba hasira yangu haikuwa juu yake peke yake. Hata mimi nilikuwa nimeishi hivyo, nikijikunja ili nisichukue nafasi.

Juma hilo uliitishwa mkutano katika ukumbi wa mtaa kuhusu mto. Nilikaa nyuma. Bwana mmoja mwenye koti la ngozi alisimama akasema kila mtu anajua chanzo cha uchafu: wageni wanajazana kumi kumi kwenye nyumba, wanafua mtoni, wanajisaidia mtoni. Watu wakapiga makofi. Si wote, ila wa kutosha. Nikasimama, na Kizulu chote nilichokijua kikanitoka kichwani. Nikasema jambo moja tu, kwa Kiingereza kibovu: "Njooni mnionyeshe." Wakacheka. MaKhumalo, aliyekuwa mbele pamoja na wazee wenzake, aligeuka akanitazama. Njiani kurudi ndipo alipozungumza.

"Maneno hayatoshi pale. Kila mtu ana maneno. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Nsimire."

"Wewe ni dobi. Fanya kama dobi."

Kesho yake Bwana Wafula na mimi tuliingia mferejini kwa mabuti ya mpira, tukaufuata mto kupanda juu. Hatukwenda mbali. Nyuma ya gereji moja kuna chemba ya maji taka, na bomba linalotoka hapo lilikuwa limepasuka likimwaga moja kwa moja mtoni, na ukuta umechimbika kuonyesha kwamba si jambo la jana. Juu ya hapo maji yalikuwa yanang'aa. Niliona chura. Bwana Wafula alipiga picha na kuchota chupa zake za maabara. Akasema majibu yatachukua majuma mawili. Mimi sikuwa na majuma mawili. MaKhumalo alikuwa amenipa mashuka mawili meupe yenye muhuri wa hospitali, ambayo alisema alipewa alipostaafu, nami sikuuliza zaidi. Nililifua moja juu ya bomba, jingine hatua thelathini chini yake. Sabuni ya kipande ileile, dakika zilezile, mikono ileile. Niliyaanika pamoja kwenye uwanja wa MaKhumalo. La kwanza lilikauka jeupe lenye kivuli kidogo cha udongo. La pili lilikauka likiwa na rangi ya jivu na michirizi ya manjano, na nzi walilijua kabla halijakauka.

Kulikuwa na jambo ambalo nilimficha kila mtu isipokuwa MaKhumalo. Karatasi yangu ya kuomba hifadhi ilikuwa imekwisha muda siku nne kabla. Nilikuwa nimekwenda Pretoria kuihuisha, foleni ikafungwa kabla sijafika mlangoni, na siku yangu nyingine ilikuwa bado. Mtu mwenye karatasi kama hiyo hajipeleki kwenye ofisi yoyote. MaKhumalo aliniambia wazi. "Ukibaki nyumbani sitakuona mwoga. Nitayabeba mwenyewe." Nilitazama mikono yake, vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi. Nikamwambia mashuka ni kazi yangu, na kazi yangu siwakabidhi watu.

Tulikwenda wanne: MaKhumalo, Mama Neema, mimi, na mama mmoja wa Kisotho ambaye mwanawe alilazwa kitanda cha pili kutoka kwa Neema. Tulipanga foleni saa tatu nzima. Aliyekuwa nyuma ya kioo alikuwa kijana mwenye tai, si mkorofi wa sura. MaKhumalo alimsomea namba sita kutoka kwenye kalenda. Akaziandika kwenye kompyuta yake.

"Hizi zote zimefungwa, mama."

"Zimefungwa maana yake nini?"

"Maana yake tatizo limekwisha."

MaKhumalo aligeuka akaniambia, "Simi, mwonyeshe tatizo lililokwisha." Nikalikunjua shuka la pili nikalitandaza juu ya kaunta yake lote, likaning'inia hadi sakafuni. Harufu ikatangulia. Watu wa nyuma yetu walirudi hatua mbili. Mama Neema akalitandaza lile la kwanza kando yake, nami nikaeleza, polepole, kwa Kiingereza changu, shuka lipi nililifua wapi, juu ya bomba, chini ya bomba, sabuni moja. Nikasema, "Kama sisi ndio tunaochafua mto, uchafu ungeanzia kwetu, si kwenye bomba. Sisi tunaishi chini yake." Yule kijana alishika tai yake akaiweka puani.

"Wewe unatoka wapi?" aliniuliza. "Niletee karatasi zako."

Nimewahi kuogopa maishani, lakini ile hofu ilikuja na kitu kingine ndani yake, kama chuma ndani ya zege. Karatasi ilikuwa kwenye mkoba, imekunjwa mara nne. Nikasema, "Bomba lililopasuka haliulizi karatasi. Wewe kwa nini unauliza?"

Akamwita mlinzi. Akaja mwanamume mnene wa makamo, mwendo wa taratibu, akasimama kati yetu na kioo. Alitazama mashuka yote mawili kwa muda mrefu. Akaniuliza, bila kunitazama, "Huu ni mto upi?"

"Jukskei," nikasema.

"Unapita nyuma ya kwetu huko chini, mtaa wa Alex," alisema. "Mama yangu anafunga madirisha mchana kwa ajili ya harufu." Kisha akamgeukia yule kijana. "Hawa siwatoi. Mwite mkubwa wako."

Mzee mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti ya kawaida kwamba hata kwao taarifa zinafungwa hivyo hivyo. Mwanamke akamuunga mkono. Haikuwa ghasia; ilikuwa watu waliochoka wakisema jambo moja, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeuliza tena nimetoka wapi. Mkubwa akaja, mama mwenye miwani. Aliligusa shuka la pili kwa ncha ya kidole, akakinusa, akaomba kuonyeshwa bomba lilipo. MaKhumalo akakataa kuyachukua mashuka. "Yakae hapo mpaka mtakapoziba," alisema. "Nyumbani ninayo mengine."

Siku ya tatu walikuja na mabomba. Walichimba siku mbili, wakaziba, na juma lililofuata mto ulikuwa umeanza kujisafisha. Sitasema tulishinda kila kitu. Uzio ulibaki. Yule bwana wa koti la ngozi hakuomba radhi, na nikikutana naye njiani alikuwa anavuka barabara. Wakaguzi waliofuatana na mafundi waliichungulia nyumba yetu, wakaona mbao na vyumba vinne, na mwenye nyumba akajua nani aliyewaleta. Aliniambia kwamba mwisho wa mwezi chumba chenye meko kina mtu mwingine. Nilipanga sufuria zangu kwenye sanduku. Nilikuwa sijafika getini MaKhumalo alipoanza kunigombeza kwa kuchelewa. Alikuwa ameshatoa makopo ya rangi na baiskeli ya marehemu mumewe katika kibanda chake cha nyuma, akaweka kitanda. "Usiimbe asubuhi," alisema. Hilo ndilo lilikuwa sharti pekee.

Mwezi wa kumi Mchungaji Byamungu alikuja hadi kibandani, amevaa suti aliyojishonea. Alikaa kwenye kitanda kwa kuwa kiti hakikuwapo, akaizungusha kofia yake. "Dada, nilikuambia mugeni hagombane," alisema. "Niliongea kama mutu ya kuogopa. Tuko na bantu kumi na moja ba kubatiza." Nilikwenda kumwita MaKhumalo, kwa sababu msimamizi wa mafundi alikuwa amemwachia ufunguo wa lango ili awapigie simu maji yakibadilika. Jumapili alitembea mbele yetu sote na ufunguo mkononi, akapita mbele ya ubao bila kuusoma, akafungua kufuli akalitia mfukoni mwa aproni yake. Halikuonekana tena. Watu kumi na mmoja waliingia kidimbwini wakatoka wanatetemeka, na Mama Neema akawa wa mwisho, kwa kuwa hadi hapo alikuwa amemshika Neema ukingoni asiyakanyage maji. MaKhumalo alisimama pembeni amekunja mikono. Alilalamika kwamba tunaimba kwa sauti kubwa mno, kisha akauliza wimbo ule maneno yake maana yake nini.

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda Pretoria kwa siku yangu niliyopangiwa. Nilifika kabla ya jua, safari hii nikawa wa kumi kwenye foleni. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kwa nini nimechelewa, na niliulizwa, nikajibu, nikaandikiwa onyo. Kisha mwanamke aliyekuwa ananihudumia akasema anahitaji anwani mpya. Nikampa mtaa na namba ya nyumba, Bertrams. Akasema mtaa huo hauonekani kwenye mashine yake, nimpe alama yoyote ya karibu, shule au kanisa.

"Uko kando ya mto," nikasema.

Aliniangalia kama mtu aliyechoka kudanganywa. "Mji wa Johannesburg hauna mto, dada."

"Unao," nikasema. "Andika." Nikakisogelea kidirisha cha kioo, nikamtajia herufi za Jukskei moja moja, polepole, hadi akamaliza.